Matokeo ya utafiti wa samaki yafike mwaloni

MWISHONI mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa mwaka 2021, sangara wakubwa walionekana wakielea wamekufa katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Kenya. Hawakuwa mmoja au wawili. Mara moja neno la sumu likaanza kusambaa, na katika biashara ya samaki hakuna neno linaloua soko upesi kama hilo. Mnunuzi akishalisikia hamkwepi tu samaki aliyeokotwa ufukweni, bali hata yule aliyevuliwa mzima asubuhi hiyo.

Wataalamu walipopima maji walieleza kuwa chanzo kilikuwa upungufu wa hewa ya oksijeni. Upepo na dhoruba vilikuwa vimelivuruga ziwa, maji ya chini ambayo hayana hewa ya kutosha yakapanda juu, na sangara, ambaye anahitaji hewa nyingi kuliko samaki wengine wengi wa ziwa hilo, akawa wa kwanza kuathirika.

Maelezo hayo hayakuwa mapya kwa watafiti. Suala la maji ya chini kukosa hewa limeandikwa kwa miaka mingi katika majarida yao na kujadiliwa katika mikutano yao ya Mwanza, Kisumu na Jinja. Kwa mama anayeuza samaki mwaloni, ambaye mtaji wake wote uko ndani ya beseni moja, lilikuwa jambo geni kabisa. Na ndiye aliyetakiwa kumjibu mteja siku ile.

Watafiti wa samaki wa nchi zinazolizunguka ziwa wanawasiliana vizuri wao kwa wao. Hili ni jambo la kupongezwa, kwani halikuwa hivyo wakati wote. Shirika la pamoja la utafiti wa uvuvi wa maji baridi, lililokuwa na makao yake Jinja, lilikwenda na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na taasisi yake: Tanzania ikaunda TAFIRI, Kenya ikaunda KMFRI, na Uganda ikaendelea na kituo cha Jinja. Mwaka 1994 nchi hizo tatu zilitia saini mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, na tangu hapo mafundi wa fani hii wamerudi kukaa meza moja. Leo mtafiti wa Mwanza akitaka kujua mwenzake wa Kisumu amepata nini, humwandikia na kupata jibu kabla ya jioni.

Tatizo ni kwamba mazungumzo hayo huishia hapo hapo. Hufanyika kwa Kiingereza, kwa lugha ya fani, na kinachomfikia mvuvi mwishoni ni amri tu: nyavu hizi marufuku, samaki wa urefu huu marufuku, msimu huu hakuna kuvua. Sababu ya amri hiyo, kiwango cha uhakika wake, na mabishano yaliyokuwapo kabla ya kufikiwa, vyote hubaki kwenye makabati ya ofisi.

Hasara ya mtindo huo ina historia ndefu. Utafiti wa kwanza wa uvuvi wa Ziwa Victoria ulifanywa mwaka 1927 na 1928 na Mwingereza Michael Graham, na ripoti yake ikatoka mwaka 1929. Graham aliona kwamba ngege, samaki aliyekuwa akitegemewa zaidi kibiashara wakati huo, alikuwa amepungua, akashauri nyavu zisiwe na macho chini ya inchi tano. Alitoa pia onyo jingine ambalo lilikuja kukumbukwa baadaye sana: kwamba kuingiza ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka sehemu nyingine ni hatari kubwa, na kusifanyike bila utafiti wa kina.

Kanuni ya inchi tano iliwekwa, lakini katika miaka ya 1950 ilianza kuachwa. Katika muongo huo huo wakaanza kupandikizwa samaki wa kigeni, akiwamo sato, ambaye leo watu wengi wanadhani ni mwenyeji. Mwaka 1960 mtaalamu mwingine, Geoffrey Fryer, aliandika makala ya kupinga mpango wa kuingiza sangara. Aliichapisha katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, yaani mahali ambapo angalau wataalamu wa kilimo wangeiona. Lakini sangara alikuwa amekwisha kuingia majini. Kufikia miaka ya 1980 aliongezeka kwa kasi, na furu wa aina nyingi sana, ambao walikuwa chakula cha kila siku cha familia za pembezoni mwa ziwa, wakatoweka au kubaki wachache.

Haina maana kwamba sangara alikuwa hasara tupu. Viwanda vya minofu vya Mwanza, Musoma na Bukoba vilijengwa juu ya mgongo wake, na bondo lake linatafutwa hadi China. Mtu aliyejenga nyumba ya bati kwa fedha za sangara hawezi kuambiwa kwamba alikosea kumvua. Lakini ni haki kuuliza: wavuvi wa ngege na furu wa miaka ile ya 1950 waliwahi kuambiwa nini kuhusu mabishano yaliyokuwa yakiendelea katika ripoti na majarida? Uamuzi ule ulibadilisha kazi yao na ya wajukuu wao, na wao walikuja kuuona tayari ndani ya wavu.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, na unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu wengi walioathirika bado wako kazini.

Tangu mwaka 1999 samaki wa Ziwa Victoria wamekuwa wakihesabiwa kwa mawimbi ya sauti. Meli ya utafiti hupita ziwani kwa mistari iliyopangwa, hutuma sauti chini ya maji, na sauti hiyo ikigonga samaki hurudi. Kwa nguvu ya mwangwi huo wataalamu hukadiria ukubwa na wingi wa samaki, kisha huvuta wavu hapa na pale kuthibitisha ni samaki wa aina gani. Ni njia nzuri, na kwa ziwa lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800 hakuna mtu anayeweza kuhesabu kwa macho. Lakini ina mipaka yake. Maji ya kina kifupi karibu na ufukwe hayapimiki vizuri, samaki aliyelala karibu kabisa na tope la chini huweza kukosekana, na samaki huhama kufuata hewa na chakula kadiri majira yanavyobadilika. Kwa hiyo tarakimu inayotoka ni makadirio, yenye kiwango cha chini na kiwango cha juu.

Vipimo vya mwanzo, kati ya mwaka 1999 na 2001, viliweka uzito wa sangara wote ziwani kuwa zaidi ya tani milioni moja. Mwaka 2008 makadirio yalishuka hadi chini ya tani 400,000. Ilikuwa habari ya kutisha, na serikali za nchi tatu zilifanya linalofanywa na serikali yoyote iliyotishika: mwaka 2009 operesheni ya kuokoa sangara ikatangazwa, na msako wa nyavu haramu na wa samaki wachanga ukaongezwa nguvu. Kanuni inayojulikana zaidi mialoni, ya kutovua sangara wa chini ya sentimeta 50, ikapewa msukumo mpya.

Jambo ambalo wavuvi wengi hawakuelezwa ni kwamba wakati huo huo wataalamu wenyewe walikuwa hawajakubaliana. Jeppe Kolding wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na wenzake kadhaa walihoji kama kweli uvuvi ndio tishio kuu la ziwa. Kwa maoni yao, hatari kubwa zaidi ni maji kurutubika kupita kiasi kutokana na udongo unaosombwa kutoka mashambani, maji taka ya miji na virutubisho vinavyoingia kutoka nchi kavu. Maji yakirutubika sana mwani huzidi, ukioza hula hewa, na eneo la sangara kuishi hupungua. Wengine walishikilia kwamba mitumbwi na nyavu vimezidi mno, na wao pia walikuwa na hoja: hesabu ya vyombo na wavuvi, ambayo imekuwa ikifanywa kila baada ya miaka miwili tangu mwaka 2000, ilionyesha wavuvi wapatao 129,000 mwaka huo, na kufikia mwaka 2016 walikuwa zaidi ya 200,000. Vipimo vilivyofuata baada ya 2008 navyo havikuonyesha sangara akishuka moja kwa moja. Alipanda na kushuka.

Mabishano ya namna hiyo si aibu kwa sayansi. Ndiyo kazi yenyewe. Lakini yanamhusu mvuvi mdogo kwa njia ambayo mtaalamu hawezi kuihisi kwa urahisi. Chukua mfano wa mtu wa Ukerewe au Sengerema anayefikiria kukopa ili anunue nyavu mpya za makila na injini. Akiambiwa sangara wanakwisha, hakopi, au anakopa akahamia dagaa. Akiambiwa tatizo ni hewa ya majini na kwamba wingi wa samaki hupanda na kushuka, atapanga marejesho yake kwa namna nyingine, akijiwekea akiba kwa miezi mibaya. Na mkulima wa mlimani, anayedhani ziwa halimhusu, akielezwa kwamba udongo na mbolea inayosombwa shambani kwake inaishia kuwa mwani ndani ya ghuba, anaweza kuiona kazi ya kuchimba makingamaji kwa jicho jingine. Bila maelezo, wote wawili wanabahatisha. Mvuvi anabahatisha kwa fedha ya mkopo yenye riba.

Ndiyo maana operesheni zimekuwa zikiacha uchungu. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu nyingi haramu ziliteketezwa kwa moto upande wa Tanzania. Makokoro yanaharibu mazalia, hilo halina ubishi, na sheria haina budi kusimamiwa. Lakini mtu anayechomewa nyavu bila kuelezwa kwa nini jicho la ukubwa fulani linaharibu na la ukubwa mwingine haliharibu, huondoka pale na somo moja tu: kwamba wakati mwingine avue usiku zaidi.

Kuna upande wa pili wa suala hili ambao huwa hausemwi. Takwimu zinazojaza ripoti hizo zinatoka mwaloni. Wakusanya takwimu husimama pale asubuhi, hupima sangara, huuliza mtumbwi umekaa majini saa ngapi, nyavu ngapi, wavuvi wangapi, bei gani. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU kama vinavyojulikana, husaidia kazi hiyo. Mvuvi anasimama na samaki wake juani ili apimwe, anajibu maswali, na takwimu zinaondoka kwenda Mwanza, Dar es Salaam na Jinja. Hazirudi. Hakuna biashara nyingine ambayo mtu hutoa mali yake kila mwezi asipewe hata stakabadhi.

Majina nayo yanachangia. Samaki ambaye Tanzania ni dagaa, Kenya ni omena na Uganda ni mukene. Sangara wa Mwanza ni mbuta wa Kisumu. Watafiti walilimaliza tatizo hilo siku nyingi kwa kutumia jina la Kilatini, ambalo linawaunganisha wao na kumwacha nje mchuuzi anayetaka tu kujua kama habari iliyotoka Kisumu inahusu samaki aliyeko kwenye gunia lake.

Suala la dagaa linahitaji neno la pekee, kwa kuwa ndiye samaki wa mtaji mdogo. Dagaa huishi muda mfupi na huzaana upesi, hivyo wapo wataalamu wanaosema anaweza kuhimili uvuvi mkubwa kuliko sangara. Kwa mfanyabiashara wa Kirumba-Mwaloni anayepeleka magunia Kongo au Rwanda, hiyo ni habari kuhusu mahali pa kuweka fedha. Lakini habari hiyo haina faida kubwa kama dagaa wenyewe wataanikwa mchangani na kunyeshewa. Utafiti wa kuanika juu ya vichanja upo, umefanyika, na matokeo yake yanajulikana. Bado ufukwe wa mialo mingi una dagaa waliotandazwa chini kama mahindi yaliyomwagika.

Wapo watakaosema kuwa wavuvi hawana muda wa kusoma ripoti, na kwamba habari haiwezi kubadilisha soko. Uzoefu wa kwingine unaonyesha tofauti. Katika jimbo la Kerala, India, simu za mkononi zilipoingia kati ya mwaka 1997 na 2001, wavuvi walianza kuuliza bei za masoko mbalimbali wakiwa bado baharini. Mchumi Robert Jensen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alionyesha kwamba kabla ya simu asilimia 5 hadi 8 ya samaki walikuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi, na baada ya simu utupaji huo karibu ulikwisha. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Hakuna samaki aliyeongezeka baharini. Kilichoongezeka ni habari. Kenya nayo, kupitia KMFRI, ilianzisha mfumo wa kutoa bei za samaki za mialo kwa ujumbe wa simu, jambo linaloonyesha kwamba taasisi ya utafiti inaweza kuzungumza na mchuuzi ikitaka.

Na kama kuna wakati wa kuharakisha, ni huu wa vizimba. Wakulima wengi wanashawishika kuacha sehemu ya mtaji wa shamba ili wafuge sato ndani ya ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kugawa vizimba na boti za kisasa kwa mikopo kwa wavuvi na wafugaji wa samaki wa Kanda ya Ziwa. Ni mpango mzuri. Lakini mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kenya walipoteza samaki wengi mno kwa siku chache, na maelezo ya wataalamu yalikuwa yale yale: maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu. Sangara wa ziwani anaweza kujaribu kukimbia. Sato wa kizimbani hana pa kukimbilia, na mkopo uliomnunulia chakula unaendelea kudaiwa.

Mtafiti anajua ni ghuba zipi zina hatari hiyo, ni miezi ipi maji huchanganyika, na ni kipimo gani cha hewa kinamtaka mfugaji apunguze chakula au asogeze kizimba. Mvuvi mzee wa eneo hilo naye anajua mambo yake: rangi ya maji inavyobadilika, harufu inayotangulia, upepo wa upande gani huleta balaa. Wawili hao wakikutana kabla kizimba hakijatiwa nanga, pengine hasara itaepukika. Wakikutana baada ya samaki kufa, kitakachobaki ni kuandika ripoti nyingine.

Kinachohitajika si mradi mkubwa wenye magari mapya. Kila upimaji wa ziwa unapokamilika, TAFIRI na Wizara ya Mifugo na Uvuvi zitoe karatasi moja ya Kiswahili, isiyozidi kurasa mbili. Ieleze samaki wamekadiriwa kuwa wangapi, kiwango cha chini na cha juu, wapi wataalamu wamekubaliana na wapi bado wanabishana. Majina ya samaki yawe yale ya mwaloni. Karatasi hiyo ipelekwe kwa maofisa uvuvi wa wilaya na isomwe kwenye mikutano ya BMU, na redio za mikoa ya Kanda ya Ziwa ziisome jioni, saa ambazo wavuvi wa dagaa wanajiandaa kwenda majini. Mkusanya takwimu anayekuja mwezi huu awe na matokeo ya mwezi uliopita mkononi, hata kama ni kwa mwalo huo tu.

Benki na vyama vya akiba na mikopo vinavyokopesha wavuvi na wafugaji wa vizimba navyo vina sababu ya kuidai karatasi hiyo. Ofisa mikopo anayekubali andiko la vizimba bila kuuliza hewa ya ghuba husika ikoje anacheza na fedha za wenye akiba. Akianza kuuliza, wakopaji watalazimika kutafuta jibu, na watafiti watapata wageni ofisini kwao ambao si watafiti wenzao.

Gharama ya yote hayo, ukiondoa upimaji ambao tayari unafanyika, ni mtafsiri, karatasi na muda wa redio. Dagaa huvuliwa gizani, na mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi mingi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa huku wavuvi wakishona nyavu na kunywa chai. Siku hizo zipo kila mwezi, na watu wote wapo mwaloni.